Vihema vya Fundi wa Miavuli

Watu wa Mishomoroni wa siku zile tulikuwa na jambo moja la kujivunia ambalo watu wa mjini, kwa maduka yao yote na taa zao za umeme, hawakuwa nalo. Katikati ya masika, nyanya za mashamba ya Kisauni zikiwa zimeoza zote na zile za sokoni zimefika kutoka bara zimepondeka masandukuni, sisi tulikula nyanya zilizoivia mtini. Zilitoka nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitamka, hata mkewe. Alikuwa fundi wa miavuli, na sote tulimwita Fundi.

Nilimkuta hapo nilipoolewa, miaka michache kabla ya uhuru. Mimi ni Mgiriama, nilitoka upande wa Kaloleni nikaletwa na mume wangu, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini. Jirani wa kwanza kunijia alikuwa mke wa Fundi, Bi Zuhura, na sahani ya mkate wa sinia. Wa pili alikuwa Fundi mwenyewe. Alisimama upande wake wa ua wa makuti, mrefu, mwembamba, kofia imekaa sawasawa kichwani, akaniuliza:

"Bibi arusi, huko kwenu mwafuga mbuzi?"

"Twafuga, baba."

"Na hapa umekuja nao?"

"La, sikuja nao."

"Alhamdulillahi. Karibu sana, mwanangu. Karibu."

Baadaye nilielewa. Mbuzi wa jirani mmoja alikuwa ameingia uani kwake na kumaliza dania yote kwa asubuhi moja, na Fundi hakumsalimu mwenye mbuzi mpaka Idi mbili zikapita. Bi Zuhura alimkumbusha kwamba Mwislamu hamnunii mwenziwe zaidi ya siku tatu. Fundi akajibu, "Mimi namsalimu moyoni, kila siku. Asiposikia ni masikio yake."

Ua wake haukuwa mkubwa kuliko chumba cha kulala. Ndani yake kulikuwa na madebe, yale ya mafuta ya taa, yamekatwa juu na kutobolewa chini, yamepangwa juu ya mawe ili maji yapite. Kila debe lilikuwa na kihema chake. Alichukua njiti za chuma za miavuli iliyokufa, akazitia kwenye matundu aliyoyatoboa kwenye ukingo wa debe, akazikunja zikakutana juu kama mbavu. Juu yake alivisha kitambaa cha marekani alichokipaka mafuta mpaka kikaacha mwanga upite na mvua isipite. Upande mmoja aliuacha ukifunguka, ukifungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Huo aliuita mlango. Ukipita nyuma ya nyumba wakati wa mvua ungedhani kuna kijiji cha watu wadogo wamelala ndani.

Kaskazi ikiingia na jua likaanza kuchoma, vitambaa vile vilivuliwa, vikaoshwa na kukunjwa, na njiti zilezile zikavishwa kipande cha gunia lililochakaa au chandarua kikuukuu, kivuli chepesi kisichozuia hewa. Kwa hivyo dania, mchicha, nanaa na pilipili zilikuwako kwake mwezi ambao kwa wengine hata magugu yamekauka.

Alikuwa na kawaida zake. Baada ya sala ya alfajiri alipita debe kwa debe, akaifungua milango, na palipokuwa na nyanya zinazochanua alizipiga kidole mashina yake, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi. Nilimwuliza kwa nini.

"Upepo haufiki humu ndani," alisema. "Na nyuki wavivu kuingia. Ua lisipotikiswa huanguka bure. Basi mimi ndiye upepo."

Mwavuli hakubeba kamwe. Alikuwa na mingi ya wateja, imening'inia kibarazani kama popo, na mvua ikimkuta njiani alirudi amelowa hadi mifupani. Alidai kwamba fundi akionekana chini ya mwavuli watu watamdhania ametumia wa mteja. Na nyanya, ambazo kwa ajili yake watu walitoka Kongowea kuja kumtazama, hakula hata moja. Zilimtia vidonda mdomoni. Bi Zuhura ndiye aliyeonja na kutoa hukumu, na Fundi alisimama kando akimtazama usoni kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani.

"Mvua naiomba nikiwa kibarazani," alizoea kusema, "na naikimbia nikiwa uani. Mwenyezi Mungu anijua, hatachoka nami."

Alianza vipi? Wengine walisema aliona nyumba ya vioo katika bustani ya Mzungu mmoja wa Nyali, alikopelekwa kutengeneza mwavuli mkubwa wa uani. Nilipomwuliza alikubali, akacheka.

"Niliiona, wallahi. Nikarudi nikaokota vioo vya madirisha, nikajenga kisanduku, nikatia miche humo. Adhuhuri nilipofungua, miche imepikika. Ilibaki kutiwa chumvi tu. Nikasema, kumbe huyo Mzungu ajifungia joto la kwao. Mimi joto ninalo tele. Nachotaka mimi ni paa."

Akaja na kitambaa cheusi cha miavuli, miche ikarefuka ikapauka kama watu waliofungiwa ndani. Akaja na marekani aliyoipaka mafuta ya nazi, siafu wakaja kama walioalikwa karamu, na panya nyuma yao. Mwisho alipata mafuta wanayochanganyia rangi maseremala, akayayeyushia nta kidogo ya nyuki iliyotoka huku kwetu Giriama. Alikuwa ametumia masika matatu kufika hapo. Sikumsikia akiyahesabu masika hayo kuwa ni hasara. Aliyasimulia kama mtu anavyosimulia safari aliyoimaliza salama.

Sasa, msomaji atauliza, kwa nini madebe? Mishomoroni kulikuwa na ardhi, mtu angelima chini. Lakini ardhi haikuwa yetu. Nyumba zilikuwa zetu, udongo wake, boriti zake na makuti yake, na uwanja ulikuwa wa mwenyewe aliyekaa mjini. Sharti lake lilijulikana na wote. Jenga, kaa, lakini usipande. Mwenye mti hujiona mwenye ardhi, na mwenye ardhi hakulitaka jambo hilo. Msimamizi wake alikuja kila mwezi kwa baiskeli, akitazama kama kuna mche wa mnazi uliochipua mahali usipotakiwa.

Siku moja nilikuwa naanua nguo nikamsikia upande wa pili wa ua.

"Fundi, wewe mtu mzima. Sharti unalijua. Hii ni nini?"

"Ni madebe, mwanangu."

"Ndani ya madebe?"

"Udongo wangu, nimeuchukua bondeni kwa shemeji yangu, kwa ruhusa yake. Na samadi ya ng'ombe wake."

"Na ndani ya udongo? Umepanda, Fundi. Umepanda katika ardhi ya watu."

Kisha nikasikia bati likikwaruza jiwe. Nilichungulia. Fundi alikuwa ameinua debe zima, na kihema chake na mnyanya wake umezaa, amelikumbatia kifuani.

"Tazama hapo chini," alisema. "Watazama? Mizizi iko wapi? Nionyeshe mzizi mmoja ulioingia katika ardhi ya bwana wako, nami nitaung'oa mbele yako na nyumba yangu nitaivunja kwa mkono wangu."

Msimamizi aliinama, kweli aliinama, akatazama. Palikuwa na jiwe na unyevu tu. Alisimama akajipangusa magoti, akasema atamwuliza mwenyewe. Mwenyewe hakusema kitu, na kabla mwaka haujaisha msimamizi alikuwa akiondoka kila mwezi na kifurushi cha nyanya kwenye baiskeli. Fundi hakumpa kwa kumwogopa. Alisema mtu aliyekubali kupiga magoti atazame ukweli anastahili kula.

Mimi mwenyewe nina deni kwake la namna nyingine, na hili ndilo linalonifanya niandike.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Ya pili ilipofika miezi mitano, daktari wa zahanati alinivuta kope la jicho chini, akasema damu yangu ni chache mno, nile maini nikipata, na mboga za majani kila siku. Ilikuwa kaskazi kali. Kwetu ningechuma mchunga porini, lakini mwaka ule hata pori lilikuwa limekauka, na mchicha wa sokoni ulifika umelegea, ukikwisha kabla sijafika. Mume wangu alitafuta alivyoweza. Mimi nilikuwa nikisimama napata kizunguzungu, nashika ukuta. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hofu kwamba nikisema, litatokea.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta madebe mawili kizingitini, mchicha umejaa hadi kugusa gunia. Fundi alikuwa ameshageuka anaondoka.

"Shikamoo, Fundi. Haya ni ya nani?"

"Marahaba. Chuma majani ya nje, ya kati yaache. Maji jioni, si mchana. Mlango ufungue likizama jua. Keshokutwa nitakuletea mengine, haya yapumzike."

"Nani amekwambia?"

"Mimi natazama mimea, mama. Kitu kikipungukiwa na maji nakijua hata kikiwa upande wa pili wa ua."

Kwa miezi minne madebe yalikuja na kurudi kwa zamu. Sikukosa mboga siku hata moja. Binti yangu Kadzo alizaliwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza, analia kwa sauti iliyomfanya Bi Zuhura apige vigelegele kutoka kwao. Fundi alikuja siku ya saba. Alisimama nje, akaomba dua, akakohoa.

"Sasa, mama Kadzo. Lile debe langu lenye kutu pembeni liko wapi?"

Ndivyo alivyokuwa. Miche aliigawa bila kuulizwa, kwa Mswahili, kwa Mgiriama, kwa Mkamba aliyehamia juzi. Mafunzo aliyatoa mpaka sauti ikamkauka. Lakini debe alilidai kama vile limetengenezwa kwa fedha, na kama halikurudi alikuja kulitafuta mwenyewe.

Akanifundisha. Alikuwa mwalimu mkali. Aliniambia nikunje njiti, nikazikunja, akazing'oa bila neno na kunirudishia. Mara tatu. Mara ya nne akaguna, na mguno ule nilitembea nao wiki nzima kama mtu aliyepewa cheti. Mwaka wa pili nilikuwa na madebe yangu kumi na mawili, na wanawake wa njia yetu walikuwa wakija kwangu kwanza, kwa sababu mimi nilikuwa siwang'olei.

Kisha ardhi ikauzwa. Tulipewa miezi miwili. Mnunuzi alitaka uwanja mtupu, na nyumba zote kumi na tisa za njia yetu zikaandikiwa kubomolewa. Kulikuwa na vilio, kulikuwa na vikao, watu wakaenda mjini na kurudi. Kulikuwa pia na maneno machafu, maana siku zile za kukaribia uhuru watu wa pwani na watu wa bara walikuwa wakitazamana kwa wasiwasi, na wengine walitafuta wa kumlaumu. Fundi hakwenda kwenye kikao hata kimoja. Alikaa kibarazani akikaza kamba za vihema.

"Fundi, huna uchungu?" nilimwuliza.

"Ninao. Hii nyumba nimezikia watoto wawili." Alivuta kamba, akakata kwa meno. "Lakini masika haya nyanya zimebeba. Siwezi kuziacha zivunjwe na ukuta."

Binti yake alikuwa ameolewa Likoni, na huko ndiko walikokuwa wakienda. Likoni ni ng'ambo ya pili kabisa: uvuke daraja la Nyali, upite kisiwa chote, uvuke tena kwa feri. Alikodi mikokoteni miwili. Siku ya kuhama, hamali walipopakia kitanda, kabati na masanduku, ilionekana wazi kwamba madebe hayataenea. Yalikuwa thelathini na kitu. Fundi akaanza kupakua kitanda.

Bi Zuhura akasema, "Wewe, nitalala wapi?"

Sijui nani alianza. Nafikiri ni yule jirani wa mbuzi. Alikuja bila kusema, akainua debe moja akalitia begani. Mke wake akatia jingine kichwani. Nami nikamfunga Kadzo mgongoni, nikajitwisha jingine. Muda si muda njia nzima ilikuwa imebeba, wanawake kwa wanaume, waliokuwa wamenuniana juu ya siasa wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine, na juu ya kichwa cha kila mtu kihema cheupe na nyanya nyekundu zinachungulia mlangoni.

Tulivuka daraja hivyo. Tukapita mjini hivyo, mvua ikinyesha na kuacha, ikinyesha na kuacha. Watu walitoka madukani kututazama. Fundi alitangulia mbele, mikono mitupu, amelowa, kichwa juu, akigeuka kila hatua chache kutazama debe gani limeinama. Karibu na feri askari alitusimamisha.

"Hii maandamano?"

"La, bwana," alisema Fundi. "Hili ni shamba."

"Shamba?"

"Shamba langu. Lahama."

Askari alitutazama kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Akasogea kwa mke wa jirani, akafungua mlango wa kihema kwa kidole, akachungulia, akaufunga tena taratibu. Akaita watu wa feri watupishe mbele.

Hatukuvunja hata tawi moja. Maua mawili yalianguka, na Fundi aliyaona yote mawili.

Sisi tulihamia Mikindani, njia ya Nairobi, na kwa shughuli za watoto na safari mbili za kuvuka maji sikumwona kwa muda mrefu. Nilisikia Bi Zuhura amefariki. Nilisikia macho ya Fundi yameingia mtoto wa jicho, haoni ila mwanga na giza, na kazi ya miavuli ameacha. Wiki ya uhuru mume wangu alipewa mapumziko, nikamwachia watoto, nikaenda Likoni.

Sikuwa na anwani. Niliuliza karibu na feri, nikaonyeshwa njia ya mchanga inayopanda nyuma ya msikiti. Nilipoingia njia ile nikasimama. Nyumba ya kwanza ilikuwa na madebe manne barazani, na vihema vya gunia jepesi, kama inavyotakiwa kaskazi ikianza. Ya pili ilikuwa na sita. Nikafikiri nimefika, nikabisha, wakacheka wakanielekeza mbele.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mlangoni kwa binti yake, amezeeka ghafla, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kanzu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Aligeuza sikio. "Mama Kadzo. Wakanyaga chini kama hapo kale, kama waogopa kuvunja yai."

Tulikumbushana yetu, nikampa pole ya Bi Zuhura, akashukuru. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimeacha, mama. Njiti sizioni. Ninayo madebe matatu hapo, mjukuu ayamwagia maji. Yatakufa na mimi."

"Fundi, na haya mengine?"

"Mengine yapi?"

"Ya njia hii."

Alitikisa kichwa. "Binti yangu naye huniambia hivyo hivyo. Mtu akipofuka watu humwambia maneno mazuri. Nilipofika hapa nilimfundisha kila aliyenisikiliza, nikasikia wakicheka ua wa pili. Basi."

Nikasimama, nikamshika mkono. "Inuka."

Alilalamika kuhusu viatu, kuhusu jua. Nikamvika viatu. Tukatoka, tukaenda nyumba ya jirani, nikapiga hodi na bila kungoja nikauweka mkono wake juu ya kihema. Vidole vikapanda njiti, vikashuka, vikafika kwenye kamba.

"Imelegea," alisema.

"Ikaze basi."

Aliikaza. Tukaenda nyumba iliyofuata, vidole vikapapasa tena, gunia, njiti, mlango, majani ya dania, akanusa mkono wake. Nyumba iliyofuata. Nyumba iliyofuata. Mama mmoja alitoka jikoni na unga mikononi akasema, "Jamani, Fundi mwenyewe!" akamwita mumewe. Watoto walikuwa wakibandika bendera za karatasi kwenye kuta, nao wakaacha wakatufuata. Kwa kila debe alikuwa na neno: hili lina maji mengi, huyu ametumia njiti fupi, hili nani amelifunga, amelifunga vyema sana. Mbele ya nyumba ya saba alikuwa akilia bila kujipangusa, na bado anakosoa.

Tukafika mahali mchanga unapokuwa mzito. Akasimama, akishika bega langu, akipumua.

"Njia imekwisha?"

"Haijakwisha, Fundi. Yakata kona hapa."

"Na baada ya kona?"

Nilinyosha shingo nikatazama. Vihema vilishuka upande hadi upande kuelekea maji, vya gunia, vya chandarua, kimoja mtu amekishona kwa kitambaa cha kanga.

"Huko nako viko," nilisema.

Aliweka kofia yake sawa kwa mikono miwili.

"Basi twende, mama. Huko ndiko kwenye upepo, wasiojua kufunga watakuwa huko."